Pole za Kabla ya Mtihani

Asubuhi ya mtihani, Dobi alipewa pole ya kwanza bombani, ndoo yake haijafika hata nusu.

"Pole, mwanangu," alisema Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, akisogeza dumu lake kwa mguu.

"Pole ya nini, mama?"

"Ya basi tu. Mungu ana njia zake."

"Mtihani ni leo, mama. Bado hata sijaufanya."

Mama Pacha alimtazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa mahututi anapouliza ataruhusiwa lini kwenda nyumbani. "Ndiyo, mwanangu," alisema taratibu. "Kaufanye tu."

Bomba lilikohoa, likatema kutu, likaendelea kutiririka. Mwenye bomba alikuwa amepandisha bei ya ndoo tena, kapandisha juzi na jana kaongeza, na watu kwenye foleni walikuwa wananung'unika kwa sauti ile ya chini ya kutaka asikie na asisikie. Dobi alitoa sarafu zake. Mwenye bomba akamrudisha mkono.

"Weka. Ya leo nenda nayo tu."

Hapo ndipo Dobi aliposhtuka kweli. Mtu yule hakuwahi kumsamehe mtu tone. Alimtoza mama yake mzazi maji, na mama alipodai ni mama, akamwambia hata mama anakunywa. Mtu wa aina hiyo akikupa kitu bure, geuka uangalie nani kafa.

Alibeba ndoo yake akarudi nyumbani bila kugeuka.

Walimwita Dobi kwa sababu alikuwa anafua mashuka ya hospitali kuu. Alikuwa akifua tangu amalize shule, na kila mwaka alijifungia na madaftari yake kutafuta nafasi ya chuo cha uuguzi. Mara ya kwanza hakupata ada ya kujiandikisha. Mara ya pili aliugua wiki ya mtihani. Sasa chuo kilikuwa na sheria ya umri, na Dobi alikuwa anaelekea kuuvuka. Mwaka huu au basi. Akikosa leo, mashuka atayaona mpaka uzeeni, tena akiwa na bahati ya kuendelea kuyaona.

Lakini mtaa mzima ulishajua amekosa. Ulijua tangu wiki iliyopita.

Pale mjini palikuwa na kituo cha kusomeshea watu wanaotaka kuingia vyuoni, na mwenyewe aliitwa Mwalimu Mizani. Wiki moja kabla ya kila mtihani aliwakalisha wanafunzi wake kwenye jaribio lililofanana na mtihani wenyewe kwa kila kitu: ukumbi uleule, dawati lilelile, saa zilezile, hata kikohozi cha msimamizi. Na jambo lililompa sifa hata wazee wakawa wanamwamkia yeye kabla hajawaamkia ni kwamba jaribio lake halikuwahi kukosea. Alama ulizopata kwa Mizani ndizo ulizopata kwenye mtihani. Mwaka nenda mwaka rudi. Watu walikuwa wanasema huyu bwana hasahihishi karatasi, anasahihisha nyota.

Matokeo ya jaribio hakuyabandika ukutani. Aliyatangaza kwa spika juu ya gari, mtaa kwa mtaa, jina la utani la mtu na alama zake, kwa sauti iliyofika mpaka chooni. Dobi alikuwa chooni. Alisikia jina lake likipita barabarani pamoja na alama zilizo chini ya nusu, kisha gari likakata kona, likamtangaza tena kwa watu wa upande wa pili.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia "kila la heri". Walimwambia "pole".

Nyumbani dada yake alikuwa amepasha mafuta kwenye kijiko.

"Lala ubavu, nikutilie masikioni."

"Dada, masikio yangu mazima."

"Mazima na husikii?" Dada alimshika kichwa kama anavyowashika wanawe. "Sehemu zote ulipata. Ya kusikiliza ukapata sifuri kavu. Sasa hapo anayeumwa ni nani, spika au wewe?"

Dobi alilala ubavu. Ilikuwa kweli. Hesabu alipata, sayansi alipata. Sehemu ya mwisho, yenye nusu ya alama zote, ile ambayo rekodi inasimulia habari za mgonjwa halafu inauliza maswali, hakuandika kitu. Sauti ilikuwepo, aliiona kabisa ipo, watu wa mbele walikuwa wanaandika, ila kwake ilifika kama mtu anayeongea chini ya maji.

Mafuta yaliingia moto moto. Akiwa amelala hivyo, shavu kwenye mkeka, aliona kitu kilichofanywa alipokuwa bombani. Kitanda chake hakikuwa pembeni pa dirisha. Kilikuwa kimefunguliwa, mbao zimeegemezwa ukutani, na godoro limekunjwa likafungwa kamba. Juu ya godoro palikuwa na begi lake, limevimba, zipu imefungwa.

"Nani kapanga nguo zangu?"

"Shemeji yako. Shangazi yake kule kijijini anataka mtu wa kumwangalia. Gari la kesho asubuhi. Tulisema tukurahisishie, usirudi na machozi halafu uanze tena kufungasha."

"Na nikifaulu?"

Dada alipangusa kijiko kwa upindo wa kanga. Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ukifaulu tutafungua begi, mdogo wangu. Kufungua begi ni kazi?"

Mtoto wa dada aliingia na kikombe cha chai, akatembea pole pole kisimwagike. "Mama mdogo," aliuliza, "hivi ulishindwa kesho au jana?"

Dada alimpokea kikombe. Kwa kweli lilikuwa swali gumu.

*

Ukumbi wa mtihani ulikuwa mali ya Mizani. Serikali haikuwa na ukumbi mkubwa kiasi hicho, ikakodi kwake. Zamani lilikuwa ghala la nafaka. Mizani aliligawa kwa ukuta wa mbao: mbele akaweka ukumbi, nyuma akaacha mashine ya kusaga, maana elimu ni nzuri lakini watu wanakula kila siku.

Mlinzi wa getini alimpekua, akamnyang'anya kalamu zake mbili za risasi.

"Hizi haziingii. Kalamu ni za kituo tu, zinauzwa hapa."

"Wiki iliyopita hamkuwa na utaratibu huo."

"Wiki iliyopita mkate ulikuwa bei gani, dada?" Mlinzi alichokora kwenye boksi. "Unakaa safu gani?"

"Ya nyuma."

Akairudisha kalamu ndefu aliyokuwa ameishika, akamtafutia nyingine fupi kama kidole gumba. "Basi chukua hii. Itakutosha."

Alisema bila ubaya wowote, kama muuza sanda anavyompima mtu kwa macho. Dobi alilipa akaingia.

Kituoni kwa Mizani watu walikaa kwa matokeo. Waliofaulu jaribio walikaa mbele, na kadiri alama zilivyopungua ndivyo mtu alivyorudishwa nyuma. Mpangilio huohuo ndio aliowapa wasimamizi siku ya mtihani, kawasaidia kazi, nao wakashukuru. Dobi yeye alikaa nyuma tangu siku ya jaribio, kwa kuwa alijiandikisha mwisho na nafasi zilizobaki zilikuwa huko. Alipofeli, hawakuwa na haja ya kumhamisha.

Alikuta dawati lake limemsubiri. Lilikuwa limegusana kabisa na ukuta wa mbao. Vumbi la unga lilipenya kwenye nyufa za mbao likatulia juu ya kila kitu, jeupe na laini, na kwenye kiti chake vumbi hilo lilikuwa na alama ya makalio ya mtu. Alisimama kidogo akaiangalia. Ilikuwa ya kwake mwenyewe, ya siku ya jaribio. Hakuna aliyekalia tangu siku hiyo, na unga mpya ulioanguka juu yake haukuifuta, ulifuata umbo lake.

Akakaa. Ilimtosha sawasawa.

"Karibu nyumbani," alisema mtu wa dawati la pili.

Walimwita Mkongwe. Hakuwa mzee, ila alikuwa amefanya mtihani huu kila mwaka tangu sheria ya umri haijawekwa, na ambao sheria iliwakuta hawakuambiwa waondoke. Alikuwa anauza viatu vya mitumba sokoni na vidole vyake vilinuka rangi ya viatu. Siku ya jaribio hawakusalimiana hata. Kila mtu wa safu ya nyuma alikuwa anatazama karatasi yake kama anayeona aibu.

Dobi alipangusa unga kwenye dawati kwa kiganja. Maandishi yakatokea. Aliwahi kuyaona siku ile, akadhani ni utundu wa wanafunzi. Yalikuwa yamechongwa kwenye mbao, moja chini ya jingine, kila moja kwa mwandiko wake.

*Sisikii.*

*Sisikii.*

*Hata mimi.*

*Sisikii jamani.*

Alipitisha kidole juu yake. La juu lilikuwa limechakaa, kingo zake laini. La chini mbao yake ilikuwa bado nyeupe.

"Hilo la juu ni langu," Mkongwe alisema pole pole, macho mbele. "Nilikaa hapo mara yangu ya kwanza."

"Na la pili?"

"Sijui la nani. Nilirudi mwaka uliofuata nikalikuta. Nilidhani nimelichonga mwenyewe nikasahau."

"Siku ya jaribio ulisikia nini?"

Mkongwe alifikiri kama mtu anayekumbuka ndoto. "Nilisikia 'mgonjwa'. Halafu nikasikia 'asante'."

"Mimi nilisikia 'asante' peke yake."

"Basi mimi nimekuzidi," alisema, na wote wawili wakacheka kwa pua, kisha wakaacha maana hakikuwa kicheko kizuri.

"Kwa nini hukumwambia mtu, kaka?"

Ndipo alipomgeukia. "Nimwambie nani? Ile karatasi ya kujiandikisha uliijaza?"

"Niliijaza."

"Pale wanapouliza kama una tatizo la kusikia, uliandika nini?"

Dobi alikuwa ameandika hapana, kama kila mtu. Chuo hakichukui muuguzi asiyesikia. Mgonjwa akiita usiku nani ataamka? Anayenyoosha mkono hapa na kusema sisikii, amejifuta mwenyewe. Ndiyo maana kila mwaka safu nzima ilikaa kimya, kila mtu na masikio yake, kila mtu akidhani ubovu ni wake peke yake, mwingine akaenda nyumbani kutiliwa mafuta.

"Mimi nilipimwa hospitalini," alisema Mkongwe. "Daktari aliniambia nasikia mpaka ya jirani."

Kengele ikalia.

*

Hesabu zilikwenda. Sayansi ilikwenda. Kalamu ilimchoma kidole kwa ufupi wake, lakini Dobi aliandika, akageuza ukurasa, akaandika. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba alisikia tumbo la Mkongwe likilalamika. Kwa muda huo aliamini kabisa. Akaona begi limefunguliwa, kitanda kimeungwa, dirisha lake.

Kisha msimamizi mkuu, bwana mmoja mpole aliyefunga tai kwenye joto lile, akaenda mbele, akaweka kidole kwenye mashine ya rekodi. "Sehemu ya kusikiliza. Itasomwa mara moja. Haisimamishwi wala hairudiwi."

Nyuma ya ukuta, ile saa ya wateja wa mchana, mtu akawasha mashine ya kusaga.

Haikuanza kwa kelele. Ilianza kwenye miguu. Dawati lilitetemeka kwanza, halafu meno, halafu mngurumo ukapanda ukajaza kichwa chote. Unga ukaanza kudondoka kutoka kwenye nyufa, polepole, kwenye karatasi yake. Kule mbele, vichwa vyote viliinama kwa pamoja, na mikono ikaanza kuandika. Ilikuwa kama kuangalia watu kupitia kioo. Mdomo wa spika ulikuwa mweusi na haukutikisika.

Dobi alifumba macho akasikiliza kwa mwili mzima. Akapata "mgo", au labda ni mkanda wa mashine. Alitazama safu yake. Mkongwe alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, haishuki. Binti wa pembeni yake alikuwa anaandika kitu, na Dobi akaona ni jina lake mwenyewe, anarudia kulikoleza. Wote walikuwa na nyuso zilezile za siku ya jaribio. Hata jasho la Mkongwe lilishuka kwenye mfereji uleule.

Akajua kwamba mwakani mtu mwingine atakaa hapa, na sura yake itakuwa hii.

Akanyoosha mkono. Hakuna aliyeona. Akasimama.

"Sisikii."

Msimamizi aliweka kidole mdomoni.

"Msimamizi, sisikii. Kuna mashine hapa nyuma."

Sasa watu wa mbele waligeuka, kwa wakati mmoja, safu baada ya safu. Hawakuwa na hasira. Walimtazama kama vile mtu aliyezikwa kauliza jambo.

Msimamizi alikuja mbio kwa ncha za viatu. Aliinama, akaongea sikioni mwake, na hata hivyo ilibidi apaze sauti. "Binti, kaa chini. Hujui unachosema. Nikiandika hivyo, unajua maana yake?"

"Najua. Simamisha rekodi."

"Haisimamishwi. Ni kanuni."

"Basi simamisha mashine."

"Mashine si ya mtihani," alisema msimamizi, na alionekana kusikitika kweli. "Mashine sina mamlaka nayo."

Mkongwe akasimama. Kiti chake kilianguka. "Hata mimi," alisema.

Binti wa pembeni naye akasimama, kisha wengine wa safu ile, mmoja mmoja, weupe wa unga kichwani na mabegani kama wazee waliozeeka asubuhi moja. Dobi hakungoja ruhusa. Alikunja karatasi yake kifuani, akabeba kiti, akaanza kwenda mbele. Njia ilikuwa ndefu kuliko alivyoifikiria. Kiti kiligonga madawati ya watu, nao walivuta viwiko bila kuacha kuandika. Mngurumo ulipungua nyuma yake hatua kwa hatua, na sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka, ikaanza kutokea kama mtu anayekuja kutoka mbali. Alifika karibu na spika. Akatua kiti chini. Akakaa, akaweka kalamu kwenye karatasi.

"Asante," ilisema sauti. "Huo ndio mwisho wa sehemu ya kusikiliza."

*

Mwalimu Mizani aliwangojea kwenye baraza, amekunja mikono ya shati, uso wa kibaba.

"Poleni, wanangu."

"Mwalimu," alisema Dobi, "ungetukalisha mbele, jaribio lako lingepatia?"

"Mbele wanakaa wanaosikia."

"Wanasikia kwa sababu wako mbele."

Mizani alitabasamu. Alikuwa na subira ya mwalimu wa zamani, na alichosema alikiamini. "Nikwambie kitu. Ile safu kila mwaka hukaa watu wapya, ukimtoa huyu Mkongwe. Mwaka huu ninyi, mwakani wengine, hawajuani. Na kila mwaka wanapata alama zilezile. Mimi mwenyewe zamani nilikuwa sipati usingizi kwa jambo hilo. Nikaja nikaelewa: kuna watu wa safu ya nyuma. Wanaijia wenyewe. Mimi nawapima tu."

Alimshika Dobi bega, akampangusa unga. Mkono wake ulikuwa wa joto. "Nenda nyumbani, mwanangu. Afisa wa mitihani ameitwa, atakuja jioni kukagua vifaa. Haki yenu haitapotea."

Wengine walikwenda. Binti aliyekoleza jina lake aliondoka bila kuaga, amekumbatia viatu vyake. Lakini Dobi na Mkongwe walizunguka nyuma, upande wa mashine, na mama aliyekuwa anaendesha mashine hakuwauliza kitu. Aliwaonyesha magunia matupu chini ya ukuta wa mbao, wakakaa.

"Mnasubiri unga wa nani?" aliuliza baadaye, kwa ishara zaidi kuliko sauti.

"Wetu," Mkongwe alipiga kelele.

"Kila mwaka huwa nawauliza kule kama inasumbua," yule mama alisema, mdomo sikioni mwa Dobi. "Nikasema ikisumbua mniambie niizime. Hakuna aliyekuja."

Jua liliposhuka kwenye bati, alizima mashine, akajifunga kitenge, akaaga. Mngurumo ulikatika. Ukimya ulioingia ulikuwa mzito, ukawaumiza masikio. Unga ulielea hewani bila kujua uangukie wapi. Dobi alisikia nzi kwenye kiroba cha pili.

Kisha upande wa pili wa ukuta, viatu. Sauti ya Mizani, ya msimamizi, na ya tatu wasiyoijua, ya mtu anayetaka kuwahi.

"Walikaa wapi hao?"

"Huku nyuma, mheshimiwa. Hasa hili dawati."

Kiti kililia. Afisa alikuwa amekaa kwenye kiti cha Dobi, nusu mkono kutoka begani mwake, mbao tu katikati. Alisikia pumzi yake.

"Washa."

Rekodi ikawaka. Ile sauti laini, ambayo hawakuwahi kuisikia zaidi ya maneno machache, ikapita ukumbi mzima, ikapita ukuta, ikawafikia kwenye magunia kama mtu aliyekaa kati yao.

*Mgonjwa ni mwanamke wa makamo. Amelazwa wodi ya kina mama. Anamwambia muuguzi kwamba vidonge alivyopewa amegawana na dada yake, kwa sababu vya dada yake vimekwisha na duka la dawa limepandisha bei…*

Mkongwe aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa ameisubiri sauti ile miaka yote, na sasa ilikuwa inaongea kwa utaratibu wake, neno kwa neno, hata kupumua ilikuwa inasikika.

"Inasikika," alisema afisa. "Tena safi kabisa."

"Ndivyo nilivyosema, mheshimiwa," alisema Mizani.

"Andika," afisa alimwambia msimamizi. "Vifaa vizima. Watahiniwa wote wa safu ya nyuma wana tatizo la kusikia, walilificha wakati wa kujiandikisha. Majina yapelekwe chuoni, wasikubaliwe tena."

"Wote, mheshimiwa? Safu nzima viziwi?"

"Wamesema wenyewe hawasikii. Mimi nimesikia. Unataka ushahidi gani?"

Kalamu ya msimamizi ilikwaruza karatasi, ikasita, ikakwaruza tena. Rekodi haikuwa na habari nao. Ilikuwa imemaliza hadithi ya mgonjwa, sasa ilikuwa inauliza.

*Swali la kwanza. Mgonjwa amegawana vidonge na nani?*

Baada ya swali rekodi iliacha nafasi ya kujibu. Katika nafasi hiyo Dobi aliweka mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Na dada yake," alisema.

Kalamu ilisimama.

*Swali la pili. Kwa nini?*

"Vya dada vimekwisha," alisema Mkongwe, sauti imepasuka. "Na duka limepandisha bei."

Upande wa pili hakuna aliyeuliza nani yuko huko. Kiti kililia mara moja, kama mtu aliyeinuka nusu akashindwa kumalizia. Dobi alijua wanachoona: safu ya nyuma, tupu, unga na alama za makalio, na sauti zinazotoka kwenye madawati zikijibu.

*Swali la tatu.*

Walijibu la tatu. Walijibu la nne. Hawakupaza sauti, walijibu kama watu wanaoulizwa mezani. Viatu vya mtu vilianza kutembea upesi kwenye ukumbi, vikatoka nje, vikazunguka. Mlango wa upande wa mashine ukafunguka, na Mwalimu Mizani akasimama pale, amepauka, mwanga nyuma yake.

Aliwatazama walivyokaa kwenye magunia. Hakuwafukuza.

*Swali la mwisho,* ilisema sauti nyuma ya ukuta. *Mgonjwa alimwomba muuguzi nini?*

Mizani alinyoosha mkono ukutani, akashusha swichi.

Mashine ikaamka. Haikuwa na punje hata moja ndani yake, ilikuwa inasaga hewa, na kwa kuwa haikuwa na cha kusaga ilipiga kelele kuliko mchana kutwa. Ukuta ukatetemeka. Unga wote ulioelea ukainuka tena. Mizani alibaki ameshika swichi kwa mkono wote, kama mtu anayezuia mlango.

Dobi alimgeukia Mkongwe, akajibu. Mgonjwa aliomba asogezewe kitanda karibu na mlango, alisema, ili mwanawe akija amsikie. Sauti yake hata yeye mwenyewe hakuisikia. Lakini Mkongwe alikuwa amekaa safu ya nyuma miaka mingi. Alimtazama midomo mpaka neno la mwisho, akaitika kwa kichwa.